Ziliingia lita 9.5, zikatoka 10.8

Mpwa wangu ndiye aliyeliona kwanza. Tulikuwa uani kwetu Karatu, Jumamosi asubuhi, tumeshamwaga oili ya Land Cruiser, na yeye alikuwa anaihamisha ile oili chafu kutoka karaini kwenda kwenye madumu mawili ya lita tano, yale yale tuliyonunulia oili mara iliyopita. Jirani alikuwa ameiomba apake nguzo za uzio zisiliwe na mchwa. Mara nikasikia ananiita: "Mjomba, madumu yote mawili yamefika kwenye mstari wa tano, na karai bado lina oili."

Nikamjibu kwamba amepima vibaya. Injini hii, ukibadilisha oili pamoja na filta, naijaza lita tisa na nusu, na mara ya mwisho niliimimina mwenyewe. Nusu lita iliyobaki ilikuwa bado juu ya rafu stoo, mfuniko umefungwa na nailoni juu yake. Kilichoingia, basi, nilikuwa na uhakika nacho. Tukachukua chupa ya maji ya lita moja, tukaikata shingo, tukachota kilichobaki karaini na kilichochuruzika kutoka kwenye filta ya zamani. Ilikaribia kujaa: mililita 800 hivi. Jumla, lita 10.8.

Injini haizai oili. Kinachotoka kwa kawaida huwa pungufu ya kilichoingia, kwa sababu nyingine hubaki imeng'ang'ania ndani na nyingine kidogo huungua. Kikizidi, kuna kitu kimeingia. Na vitu vinavyoweza kuingia kwenye oili ya injini ya dizeli ni viwili tu: maji ya redieta au dizeli yenyewe.

Nieleze gari kwanza. Ni pikapu, HZJ79, ambayo huku tunaiita Mkonga kwa sababu ya lile bomba la hewa linalopanda pembeni mwa kioo cha mbele. Injini ni 1HZ, iliyoanza kutoka mwaka 1990: silinda sita kwenye mstari mmoja, cc 4164, haina turbo wala kompyuta. Ni injini ambayo mtu mwenye masanduku mawili ya spana anaweza kuifahamu yote. Hospitali za vijijini wanayo, hifadhi wanayo, misheni wanayo, na sisi tunaobeba vitunguu kutoka Mang'ola tunayo. Barabara ya Mang'ola kuja Karatu ni vumbi na mawe, unapanda kutoka bonde la Eyasi na mzigo mgongoni, gia ya pili kwa muda mrefu. Kwa kazi ya namna hiyo mimi hubadilisha oili kila kilomita 5,000 na sisogezi.

Kuibadilisha mwenyewe nilianza mwaka uliotangulia, baada ya gereji moja kunitoza hela ya filta mpya na mimi nikaja kuikuta filta ile ile ya zamani, ina vumbi la safari tatu na alama ya rangi niliyoiweka mwenyewe. Sikugombana na mtu. Nilinunua spana ya mnyororo ya kufungulia filta, karai pana, nikamwita mpwa.

Kazi yenyewe si ngumu, na Mkonga uko juu kiasi kwamba huhitaji jeki. Hili ni jambo la kushukuru, maana watu wameumia chini ya magari yaliyoegemezwa jeki peke yake. Gari liwe mahali tambarare, mawe mbele na nyuma ya tairi, hendibreki juu. Injini iwe ya uvuguvugu: ikiwa baridi oili inabaki ndani na uchafu wake, ikiwa imetoka safari itakubabua mkono. Fungua mfuniko wa juu kabla ya kufungua bolti ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, oili itashuka vizuri zaidi. Bolti irudi na washa mpya. Filta mpya ipakwe oili kwenye mpira wake kwa kidole, na kabla ya kuifunga tazama uso wa injini pale inapokaa: mpira wa filta ya zamani wakati mwingine hubaki umeganda pale, ukifunga mpya juu yake utakuwa na mipira miwili, na oili itaruka yote barabarani ndani ya dakika chache. Filta inakazwa kwa mkono, mpira ukishagusa unaongeza kama robo tatu ya mzunguko. Hayo wengi wanayajua.

Ambalo hatukulifanya mara ya kwanza ni kupima kinachotoka. Tulimimina karaini, tukahamishia kwenye ndoo, basi. Nalitaja hili kwa uzito kwa sababu lingetuonyesha ugonjwa miezi kadhaa mapema. Na mara hii ya pili pia hatukukusudia kupima. Madumu ya jirani ndiyo yaliyotupimia.

Sasa, maji au dizeli? Maji yalikuwa rahisi kuyaondoa kwenye orodha. Redieta na tangi lake dogo la akiba havikuwa vimepungua hata kidole tangu mvua za vuli. Oili haikuwa na ule weupe wa chai ya maziwa, na ndani ya mfuniko wa tapeti kava, lile kava la juu ya injini, hakukuwa na utando. Nikachovya ncha ya waya kwenye oili na kuipasha juu ya moto wa mshumaa. Oili yenye maji hutatarika kama mafuta ya kukaangia yaliyodondokewa na tone la maji. Hii ilitoa moshi tu, kimya.

Ikabaki dizeli. Pua haitoshi kuithibitisha, kwani oili yoyote iliyotoka kwenye injini ya dizeli inanuka dizeli kidogo, na mtu mwenye wasiwasi atanusa anachokiogopa. Kwa hiyo tulifanya majaribio mawili ambayo hayahitaji maabara.

La kwanza ni la karatasi. Tulichukua karatasi nyeupe isiyo na ung'avu, tukadondosha tone moja la oili chafu, na pembeni yake tone la ile nusu lita safi iliyobaki, tukaiacha imelazwa juu ya glasi mbili ili chini isiguse kitu. Asubuhi yake tone la oili safi lilikuwa limetanda kidogo na kuishia hapo. Tone la oili chafu lilikuwa na kiini cheusi cha masizi, kikifuatiwa na duara la kijivu, halafu nje yake kabisa duara pana, karibu halina rangi, ambalo ukiinua karatasi dhidi ya dirisha unaona mwanga unapita. Duara lile la nje ndiyo dizeli. Ni nyepesi kuliko oili, inatembea kwenye karatasi na kuiacha oili nyuma.

La pili lilinishtua zaidi. Nilikuwa na chupa mbili za dawa ya kikohozi, ndogo, zinazofanana. Moja tuliitia oili safi mpaka shingoni, nyingine oili chafu kwa kiasi kile kile, tukaziweka kivulini pamoja mpaka zikawa na joto moja. Kisha mpwa akazipindua zote mbili kwa wakati mmoja. Povu la hewa linapanda kutoka chini kwenda juu, na kadiri oili ilivyo nzito ndivyo linavyochelewa. Kwenye oili safi nilihesabu hadi saba. Kwenye ile chafu povu lilikuwa limeshafika juu kabla sijamaliza nne. Tulirudia mara tano, mara zote hivyo hivyo. Na ikumbukwe kwamba oili ya dizeli iliyofanya kazi kihalali kwa kawaida huwa nzito zaidi ya mpya kwa sababu ya masizi. Hii yetu ilikuwa imebeba masizi ya kilomita 4,800 na bado ilikuwa nyepesi karibu mara mbili.

Hapo ndipo nilipokaa kwenye kigoda na daftari. Lita 1.3 za ziada ndani ya lita 10.8 ni asilimia 12. Lakini hiyo ni hesabu ya upole, maana inachukulia kwamba injini haikuunguza hata tone la oili yake. Kama iliunguza lita robo, basi dizeli iliyomo ni zaidi ya lita moja na nusu. Wanaopima oili kwa mashine huanza kutoa onyo dizeli ikikaribia asilimia 5, na wengine chini ya hapo. Oili ya 15W-40, ile namba 40 maana yake ni kwamba injini ikiwa moto, kwenye nyuzi 100, uzito wake unatakiwa uwe kati ya 12.5 na 16.3 kwa kipimo cha senti-stoki. Ukiichanganya na dizeli kwa moja ya nane haiko tena kwenye namba hiyo. Umeandikiwa 40 kwenye dumu, beringi za krenki, ile shafti kuu ya injini, zinapata kitu kingine.

Nikajiuliza: lita 1.3 za dizeli zimepoteaje bila mimi kuziona kwenye matumizi ya mafuta? Jibu ni kwamba haiwezekani kuziona. Pikapu hii na mzigo wake inakunywa kama lita 13 kwa kilomita 100, kwa hiyo kwenye kilomita 4,800 imekunywa zaidi ya lita 600. Lita 1.3 ndani ya 600 ni chini ya robo ya asilimia moja. Ni matone kama matano kwa kila kilomita. Hakuna dereva duniani atakayehisi hilo kwa mfuko wake.

Na stiki ya oili je? Hili ndilo linaloniuma mpaka leo, kwa sababu stiki ilisema na sisi hatukusikiliza. Kila Jumatatu asubuhi, kabla ya kwenda Mang'ola, mpwa alichomoa stiki, akaifuta, akaizamisha, akaitazama, akasema "iko sawa, imejaa." Hakudanganya. Ilikuwa imejaa. Ilikuwa imepita alama ya juu, wiki hadi wiki kidogo kidogo, lakini tulikuwa tunatazama kama imepungua. Hakuna aliyetazama kama imeongezeka. Mimi mwenyewe nilikuwa nikijisifu kijiweni kwa wenzangu kwamba gari langu halili oili hata kidogo, na injini imeshatembea zaidi ya kilomita 270,000. Nilidhani ni matunzo. Sasa naamini kwamba kwa muda mrefu, labda zaidi ya mwaka, oili ilikuwa inaungua kidogo kama inavyoungua kwenye injini ya umri huo, na dizeli ilikuwa inaingia kufidia pengo, stiki ikabaki pale pale. Alama kwenye stiki inapima kimo. Haijui ni kimo cha nini.

Zilikuwepo dalili nyingine mbili ambazo tulizipa sababu zake. Asubuhi za baridi, na Karatu iko juu, kama mita 1,500, baridi yake si ya kusimuliwa, gari lilikuwa linazungushwa sana kabla ya kuwaka. Nikasema ni plagi za hita zimechoka. Nikabadilisha mbili, hali ikawa ile ile. Na mshale wa presha ya oili, injini ikiwa moto baada ya kupanda kutoka bondeni, ulikuwa unalala chini gari likiwa sailensa, yaani linaunguruma bila kukanyagwa mafuta, chini kuliko zamani. Nikasema ni joto na umri. Kila dalili peke yake ina maelezo ya kawaida. Ukiziweka mezani pamoja na madumu yale, zinasimulia jambo moja.

Dizeli inaingiaje kwenye oili ya 1HZ? Nilizifikiria njia zote kabla ya kumpigia fundi yeyote, kwa sababu fundi ukimwambia "gari lina shida" atafungua anachokipenda kufungua.

Njia ya kwanza ni nozo. Nozo mbovu badala ya kupuliza ukungu inadondosha matone, dizeli isiyoungua inatambaa kwenye kuta za silinda, inapita ringi za pistoni na kushuka kwenye sampu. Lakini nozo ya namna hiyo ina kelele zake: moshi mweupe asubuhi, injini kugonga upande mmoja, kutetemeka sailensa. Tuliwasha injini, mpwa akavaa miwani ya kuchomelea, nikalegeza nati ya bomba la nozo moja baada ya nyingine, nusu mzunguko tu, nikisikiliza. (Mkono usikae karibu na mrusho wa dizeli yenye presha: inapenya ngozi kama sindano, na jeraha lake ni la kukimbizwa hospitali hata kama linaonekana dogo.) Silinda zote sita zilipunguza mlio kwa kiasi kile kile. Hakukuwa na mvivu. Pia kwenye 1HZ nozo zimefungwa nje, pembeni ya hedi, na mabomba ya marejesho yako nje vilevile, kwa hiyo yakivuja utaona umelowa hapo nje, hayadondoshei chini ya tapeti kava kama kwenye injini nyingine.

Njia ya pili ni pampu ndogo ya kuvuta dizeli iliyofungwa ubavuni mwa injini, ambayo diaframu yake ikipasuka inamwaga ndani. Injini nyingi za zamani zinayo. Hii haina: inavuta kwa visu vilivyomo ndani ya pampu kubwa yenyewe.

Njia ya tatu ndiyo pampu hiyo kubwa. Kwenye 1HZ taimingi belti inapeleka kamshafti tu. Pampu ya dizeli inazungushwa na gia, na gia hizo ziko ndani ya kava la mbele zikioga oili ya injini. Ndani ya pampu kuna dizeli yenye presha, nje kuna oili, na kinachozitenganisha ni oili sili moja kwenye shafti, kitu cha mpira chenye ukubwa wa sarafu. Sili ikichoka, dizeli inapita kwenye shafti, inaangukia kwenye gia, inateremka na oili hadi kwenye sampu. Nje hakuna hata tone. Ardhi chini ya gari ni kavu. Na gari likilala, hewa nayo inaweza kupata njia ya kuingia pampuni pale pale, dizeli ikarudi nyuma kwenye bomba, asubuhi unazungusha sana kabla haijawaka. Plagi za hita nilizisingizia bure.

(Wenye dizeli mpya zenye chujio la masizi kwenye ekzozi, kisa chenu kinaweza kuwa kingine kabisa. Gari hizo huingiza dizeli ya ziada kwa makusudi ili kuchoma masizi, na safari fupi fupi za mjini zinaifanya ikusanyike kwenye oili. Msiende kufungua pampu kwa ajili ya haya niliyoyaandika.)

Sikuliendesha tena gari na oili ile, wala nisingemshauri mtu aendeshe "mpaka Ijumaa". Uchakavu wa beringi unakuja polepole. Kuna hatari nyingine isiyosubiri: kimo kikizidi sana, krenki inaichapa oili na kuifanya povu, na mvuke wake unavutwa kupitia bomba la kupumulia kwenda kwenye njia ya hewa. Injini ya dizeli haichagui, itaunguza hata oili yake yenyewe, tena oili iliyochanganyika na dizeli. Hapo injini inakimbia yenyewe, mlio unapanda, na ufunguo hauna kazi tena kwa sababu ufunguo unakata dizeli ya pampu, haukati kinachoingia na hewa. Ukikutwa na hilo, weka gia kubwa, kanyaga breki kwa nguvu zote, achia klachi injini izimike. Au ziba mdomo wa mkonga kwa ubao au buti ya mpira, kamwe si kwa kiganja.

Tuliweka filta mpya na oili mpya lita 9.5 kwa safari moja tu, Karatu hadi Arusha, kwa fundi wa pampu na nozo. Nilibeba karatasi yenye madoa na zile chupa mbili za dawa. Ni kijana, umri wa mwanangu wa kwanza. Akanisalimia, "Shikamoo mzee," akafuta mikono, akazipindua chupa mwenyewe mara mbili, halafu akauliza swali moja tu: "Asubuhi linasumbua kuwaka?" Nilivyosema ndiyo, akachukua spana.

Kushusha pampu ya 1HZ ni kazi ya nusu siku na inahitaji mtu anayeheshimu alama za taimingi. Kwa kuwa belti ilikuwa imebakiza kilomita chache kufika 100,000, tukaibadilisha hapo hapo. Pampu ilipokuwa juu ya meza, fundi akaingiza bisibisi nyembamba, akaitoa sili na kuniwekea kiganjani. Ilikuwa ngumu kama kifungo cha koti. Mdomo wake, ambao ukiwa mpya ni laini na unabana shafti, ulikuwa umekuwa bapa na unang'aa. Nilipoukunja kwa kucha ulikatika. Kisha akashika shafti ya pampu kwa vidole viwili na kuitikisa juu na chini, akanitazama. Ilikuwa inacheza.

"Mzee," akasema, "sili peke yake nikikuwekea utarudi hapa kabla ya masika. Bushi imelika. Shafti ikicheza, sili yoyote utakayoweka itakuwa inapigwa kila mzunguko."

Nimesikia habari za watu waliobadilishiwa sili mara tatu na kuishia kulaumu vipuri. Huenda vipuri vilikuwa bovu kweli, soko limejaa. Lakini pia huenda hakuna aliyeitikisa shafti. Nilikubali bushi, sili na seti nzima ya mipira ya pampu, kisha ikapandishwa kwenye mashine ya kupimia na kufanyiwa kalibresheni. Ilinigharimu faida ya safari nne za vitunguu. Krenki ingenigharimu gari.

Swali la krenki ndilo lililoninyima usingizi, kwa hiyo tuliikata filta iliyotoka na ile oili mbovu. Tuliikata pindoni kwa msumeno wa chuma, tukatoa karatasi yake, tukaikunjua juu ya gazeti na kuikamua. Ukikata kwa msumeno utapata chembe za chuma za msumeno na za kopo la filta lenyewe, kwa hiyo ukiona mng'ao usikimbilie kulia. Pitisha sumaku. Chuma kitaifuata sumaku. Beringi za krenki, zile za meni na bigendi, zimetengenezwa kwa madini ambayo sumaku haiyashiki, kwa hiyo chembe zinazong'aa na kubaki kwenye karatasi baada ya sumaku kupita ndizo za kuogopa, hasa zikiwa na rangi ya shaba. Tulipitisha sumaku ya spika ya redio mbovu, mkunjo kwa mkunjo. Kulibaki masizi, uzi wa kitambaa, na kipande cha silikoni cha fundi fulani wa zamani. Shaba haikuwepo. Nilimshukuru Mungu pale pale uani, kwa sauti.

Baada ya pampu kurudi tuliitoa oili ya safari ya Arusha, tukaweka nyingine. Baada ya kilomita 500 tukaimwaga hiyo nayo, kwa sababu dizeli na masizi ya zamani havitoki vyote kwa mara moja. Ni gharama, najua. Lakini kuweka oili nzuri juu ya mabaki ya ile mbaya na kuikalia kilomita 5,000 nisingeweza.

Ile oili chafu sikumpa jirani. Nilimwelekeza kwa wauza dawa ya mbao. Oili iliyokwisha kutumika ina vitu vinavyosababisha saratani ya ngozi kwa mtu anayeishika kila mara, na ile yetu kwa dizeli iliyokuwamo ingeshika moto kirahisi zaidi, tena nguzo zake ziko hatua kumi kutoka kisimani. Imekaa kwenye dumu lililofungwa mpaka alipopita anayekusanya kwa ajili ya kuipeleka mjini. Mpwa sasa anavaa glavu, nilimnunulia pakiti nzima.

Mwenendo wetu umebadilika mahali pawili. Stiki inasomwa na kuandikwa kwenye daftari kwa milimita kutoka alama ya juu, chini au juu yake, pamoja na kilomita za siku hiyo, neno "iko sawa" haliruhusiwi tena. Na madumu hayatupwi: kinachotoka kinarudi kwenye madumu yale yale yaliyoleta, kinapimwa hadi chupa ya mwisho, namba inaandikwa pembeni ya iliyoingia.

Wiki iliyopita tumemwaga tena, kilomita 5,000 kamili tangu ile ya usafi. Asubuhi ile gari lilikuwa limewaka kwa mzunguko mmoja. Mpwa alikuwa amenipigia simu siku mbili kabla, sauti ya chini: "Mjomba, stiki imeshuka. Milimita tatu chini ya alama. Gari limeanza kula oili." Tulipomaliza kupima, yaliingia madumu mawili kasoro nusu lita, zikatoka lita 9.2. Tuliweka tone kwenye karatasi, tukaiacha usiku kucha juu ya glasi mbili. Kiini cheusi, duara la kijivu, na baada ya hapo karatasi nyeupe.